Nimepata kazi duka la vipodozi Mwanza: je, lazima nijichubue?

Swali: "Dada, shikamoo. Nina miaka 21, natokea Sengerema. Shangazi amenitafutia kazi kwenye duka la vipodozi Mwanza mjini, naanza mwezi ujao, na nitakaa kwake Buhongwa. Sijawahi kuuza duka. Kazi yenyewe ikoje? Halafu kuna jambo linaninyima usingizi. Mimi ni mweusi sana, na msichana aliyeacha kazi pale ameniambia tajiri atanipa mafuta ya kupaka ili ning'ae, eti mteja hanunui vipodozi kwa muuzaji mweusi. Ni kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na la mwisho, maana naona ndilo lililokufanya uandike.

Si kweli. Nimeuza vipodozi Mwanza tangu mwaka 2008. Nilianzia kaunta ya duka dogo karibu na Makoroboi, nikahamia duka la jumla, na sasa kazi yangu ni kusimamia duka na kufundisha wauzaji wapya. Muuzaji hodari kuliko wote niliowahi kusimama nao alikuwa binti wa Ukerewe, mweusi tii, ngozi nyororo. Akitoka kuoga alipaka mafuta ya mgando, basi. Tulikuwa wanne pale kaunta, lakini wateja walimuuliza yeye: "Wewe unapaka nini?" Akiwaambia ukweli walinunua kopo la mgando la bei ndogo wakaondoka. Wiki mbili baadaye walirudi wakimtafuta yeye kwa jina, sasa wanataka pafyumu, wanja, zawadi ya sendofu. Mteja wa vipodozi anataka mtu asiyemdanganya kuhusu uso wake. Akishampata, rangi ya huyo mtu anaisahau kabla hajafungua pochi.

Ila huyo msichana aliyekutangulia hajakutungia. Matajiri wa namna hiyo wapo, na mimi nilianza kazi kwa mmoja wao. Duka lilikuwa na stoo nyuma, chumba kidogo kisicho na dirisha. Kila Jumatatu nilikabidhiwa beseni la bluu, mwiko wa mbao, losheni za aina tatu, na vityubu vidogo vilivyokuja vimefungwa kwenye gazeti. Nakoroga mpaka rangi inakuwa moja, njano iliyopauka, halafu najaza kwenye vikopo vyeupe visivyo na maandishi. Huo ndio mkorogo. Glavu sikupewa, nami sikujua kwamba ni haki yangu kuzidai. Mwezi wa tatu ngozi ya mikono ilianza kubanduka kama ganda la kitunguu. Nikishika sabuni ya kufulia machozi yananitoka. Nilipoacha ile kazi mikono ilipona, isipokuwa viungo vya vidole vya mkono wa kulia, ule ulioshika mwiko. Mpaka leo ni vyeusi kuliko kiganja chote kwa nyuma. Msichana mpya akija kwangu, siku ya kwanza naweka huo mkono juu ya kaunta autazame, ndipo tunaanza kuzungumza.

Ndani ya vikopo vile mna nini? Lazima ujue, maana utaulizwa kila siku, na asiyejua sababu huyumbishwa na mteja wa kwanza mwenye maneno mengi. Kuna zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita hukamatia dhahabu. Huizuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi yake. Uso unang'aa kwa muda, lakini zebaki haiishii usoni. Inapenya, na figo ndizo huumia zaidi. Hata asiyepaka inamfikia, kupitia taulo na shuka, na mtoto anayelala kifuani kwa mama yake. Kuna haidrokwinoni. Nayo hupausha, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kugeuka, mashavu yakatoka mabaka meusi yenye ubluu ambayo hakuna losheni ya kuyafuta. Madaktari wa ngozi huyaita okronosi. Halafu kuna steroidi kali kama clobetasol, ambazo ni dawa za kuandikiwa na daktari. Hizo ndizo zilizokuwa kwenye vile vityubu vya gazeti. Ngozi inakuwa nyembamba, inatoka michirizi na chunusi, na ukipata jeraha linachelewa kufunga.

Vyote vitatu vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Zamani aliyekagua ni TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2003. Tangu Julai 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Zebaki ina hata mkataba wake wa kimataifa, wa Minamata, ulioanza kutumika 2017. Mwanzoni uliacha kiwango kidogo sana, miligramu 1 kwa kilo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kiondolewe hata hicho, mwisho ukiwa 2025. Nakutajia haya kwa sababu moja: wakaguzi wakiingia dukani, tajiri mara nyingi hayupo. Yuko Kariakoo anafungasha mzigo. Anayekutwa kaunta ni wewe.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, muda ambao hakuna mteja, usishike simu. Shika maboksi usome. Boksi lisilo na orodha ya viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, usiliweke rafuni hata kama limeuzwa pale miaka mitano. Tafuta neno hydroquinone. Tafuta mercury, calomel, au herufi Hg. Wadanganyifu hawaandiki kabisa, lakini kuna alama moja ambayo mara nyingi huwaponyoka: maelezo yanakuonya usiguse dhahabu, fedha wala vito ukiwa umepaka. Losheni ya kawaida haina ugomvi na pete. Zebaki ndiyo inayoila dhahabu, na mtu aliyekulia upande wenu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Sasa tajiri akikupa kopo. Usimdanganye kwamba una aleji, maana atakutafutia jingine. Mwambie kwa adabu: "Asante tajiri, ila mimi sipaki. Nipe mwezi mmoja uangalie mauzo yangu." Mfanyabiashara huelewa lugha ya mauzo. Akishikilia lazima upake, au akikupeleka stoo kukoroga, ondoka mdogo wangu, na mweleze shangazi kwa nini umeondoka. Maduka yanayotafuta muuzaji mwaminifu yapo Pamba Road, yapo Buzuruga, yapo Igoma. Figo hazinunuliwi dukani.

Na mteja anayeutaka mkorogo? Huyu ndiye mtihani wa kila siku, na hapa ndipo naona wasichana wengi wanakosea kwa kujiona bora. Mtaani watu waliojichubua wanachekwa, uso fanta miguu koka. Wewe usicheke, na usikubali mwenzako acheke mteja akigeuka. Mwaka mmoja aliingia mama mtu mzima, wiki moja kabla ya kicheni pati ya binti yake. Akaniinamia akanong'ona kwamba anataka "kitu cha haraka". Nilimvutia stuli. Nikamuuliza kuhusu binti, kuhusu sare, kuhusu kamati. Kumbe mawifi wa binti walikuwa wamemsema mama huyo weusi wake mbele za watu. Hakuhitaji losheni, alihitaji mtu wa kukaa naye dakika ishirini. Aliondoka na mafuta ya nazi, poda ya rangi yake na rangi ya mdomo ya damu ya mzee ambayo mwenyewe asingethubutu kuichagua. Anayetaka mkorogo hatabadilika kila mara kwa kuongeleshwa. Wengine watatoka na kwenda duka la pili, na hutaweza kuwashika. Ila aliyeutumia miaka mingi akikwambia anataka kuacha, usimwambie aache leo hii akapaka mgando. Steroidi zikikatwa ghafla ngozi inaweza kuwaka na kuvimba. Mwelekeze kwa daktari wa ngozi, hospitali ya Bugando au kwingine, na mwambie aende na kopo lenyewe mkononi.

Baada ya hayo nikueleze siku inavyokwenda, maana kazi ni zaidi ya mkorogo.

Unafungua saa 2 asubuhi. Unafagia, unafuta vumbi rafu kwa rafu, kwa sababu vumbi la barabarani na poda za dukani vikikutana vinaganda kwenye vifuniko, na boksi lenye vumbi mteja analiona limekwisha muda. Unafuta testa zote, yaani vipodozi vya kujaribia, kwa pamba na spiriti. Hilo la testa nitakusumbua nalo: rangi ya mdomo iliyopita midomo kumi hupitisha vidonda, na wanja wa kuchangia hupitisha macho mekundu. Usimpake mtu mdomoni moja kwa moja. Kwangua kidogo kwa kijiti, paka nyuma ya mkono wake. Rangi za mdomo zihamishe zisikae dirishani linalopigwa na jua la mchana. Zinalegea, zinatoka jasho, na hakuna anayezirudishia umbo.

Asubuhi ni ya wauza saluni: rasta kwa dazani, stimingi, dawa za nywele. Hawana muda, wanajua wanachotaka, na wakikosea kupewa namba ya rasta wanarudi kwa hasira. Mchana ni wa watazamaji. Jioni ni wa watumishi waliotoka kazini. Mwisho wa mwezi, Idi na Krismasi huna haja ya kuambiwa. Lakini kuna msimu mmoja ambao mtu wa Dar hawezi kukufundisha: mwezi angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika. Ndipo utawaona akina mama wa dagaa kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, na wale wanaotoka visiwani, wana pesa na wana nafasi. Mikono yao imepasuka kwa jua. Wauzaji wasiojua huwauzia losheni ya bei kali yenye harufu nzuri. Mikono ile inataka glisalini au mafuta ya mgando, yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu wa kunawa, usiku avae soksi kuukuu mikononi. Ni biashara ndogo, lakini mama mmoja wa dagaa akikuamini anakuletea boti nzima.

Kipande cha kazi ninachokipenda kupita vyote ni kutafuta fandesheni inayomfaa mtu. Juzi alikuja mwalimu wa sekondari, anataka fandesheni ya harusi ya mdogo wake, na kidole chake kiko kwenye chupa iliyomzidi weupe hatua mbili. Sikubishana naye. Nilimpaka mistari mitatu pembeni ya taya, kuelekea shingoni, ya kwanza ikiwa ile aliyoichagua. Nikamtoa hadi mlangoni na kioo cha mkononi, kwa sababu zile taa ndefu nyeupe za dukani ni waongo. Kila mtu chini yake anaonekana wa kijivu. Tukakaa dakika kumi tukizungumza habari za mitihani. Hizo dakika usizikwepe, fandesheni nyingi hubadilika rangi ikishakutana na mafuta ya ngozi. Mstari wa kwanza ulikuwa umekaa juu ya taya kama chokaa. Wa pili ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa. Wa tatu aliutafuta kwenye kioo hakuuona; akageuza uso kushoto, akageuza kulia, akaupapasa kwa kidole. "Umeufuta?" Nikamwambia haujafutwa, upo, ndio wako. Alikaa kimya akijitazama kwa muda, na mimi nilinyamaza pia. Hapo usiseme neno la kuuza. Muache.

Utapata pia wateja wenye ualbino, na hawa nakuomba uwape muda wako wote. Mwanza iko karibu na ikweta, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ziwa linaurudisha mwanga usoni. Jua linalokuacha wewe na jasho, wao linawaachia vidonda na mwishowe saratani ya ngozi. Losheni ya kukinga jua iwe SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, ambayo huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB inayounguza. Ipakwe kwa wingi, irudiwe kila baada ya saa mbili, na isichukue nafasi ya kofia pana na mikono mirefu. Angalia tarehe kabla hujampa. Kuna losheni iitwayo Kilisun, iliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yao hasa; mzazi asiyeijua mwambie aulize kliniki ya ngozi. Na kamwe usimruhusu winga, yule dalali anayeleta wateja dukani, amuwekee mama wa mtoto mwenye ualbino cha juu kwenye losheni ya jua. Nilikwisha mtoa winga nje kwa sababu hiyo, na nitamtoa tena.

Sasa shoti, yaani upungufu wa mali au pesa ya duka, ambayo ndiyo inawaliza wasichana mwisho wa mwezi. Vitu vya dukani ni vidogo na vya thamani. Wanaingia watatu, mmoja anataka cha rafu ya juu kabisa, unapanda stuli, unageuza mgongo, pafyumu imekwenda. Vya bei kubwa viwe nyuma yako ndani ya kioo, na kitoke kimoja tu kwa wakati. Malipo ya simu usitazame simu ya mteja. Tazama ya duka, salio na jina. Meseji za muamala feki zimeandikwa vizuri siku hizi. Risiti ya EFD, mashine ya kodi, toa kila mara, hata kwa kitu kidogo.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikatwa nusu ya mshahara kwa pafyumu mbili zilizoibiwa siku ambayo sikuwapo kazini. Nililia nikanyamaza, kwa kuwa sikuijua sheria. Wewe ijue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu tajiri akukate hasara kwa kusema tu. Iwe ni kosa lako, aandike chanzo na hesabu, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Akikaidi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ina ofisi Mwanza. Kinga yako kubwa ni daftari: kila asubuhi hesabu vya bei kubwa, andika, yule uliyempokea zamu asaini. Mwenzako akikataa kusaini, mwite tajiri hapo hapo kabla hujauza kitu.

Mshahara wenyewe si mkubwa, sikufichi. Wengi huongezewa kidogo kwa mauzo. Uliza hesabu yake inafanywaje na iandikwe. Uliza na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Miguu itauma mwezi wa kwanza kwa kusimama. Vaa viatu bapa vyenye soli nene, na ukilala inua miguu juu ya mto. Harufu za pafyumu na asetoni zikikupiga kichwa, toka mlangoni dakika mbili upate upepo.

Lililobaki ni saa za kazi. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Maduka mengi ya mjini hufungwa saa 2 usiku, na hesabu ya kufunga hula nusu saa nyingine, wakati wewe unarudi Buhongwa. Kabla hujasaini mkataba, elewana na tajiri kwamba utaanza kuhesabu saa 1 jioni ili saa 2 uwe umekwisha panda daladala, na shangazi awe na namba ya simu ya duka.